Kitambaa Cheupe cha Mama

Mgeta, 3 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kazi ya miwa haijakuchosha na kikohozi kimepungua. Sisi wazima, ila simu ya Bibi imeharibika, hivyo barua hii nimempa Hatibu wa lori la kabichi.

Naomba ruhusa. Sikukuu ya Msalaba nataka kutembea hija hadi msalaba wa kilimani, peke yangu, kama Mama alivyofanya kila mwaka. Tangu tumzike, nyumba yetu haijapeleka mtu. Wewe pia hujaja.

Binti yako,
Devotha

Kilombero, 20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Peke yako, hapana. Njia ile ni makorongo matupu. Nisubiri pale yanapopakia malori, alfajiri ya sikukuu. Twende wote.

Baba yako

Mgeta, 16 Septemba

Baba, shikamoo. U mzima? Nauliza kwa hofu, kwa sababu hukuja.

Nilisubiri mpaka malori yote yakaondoka. Nikafunga kitambaa cheupe cha Mama kichwani, nikaenda. Nisamehe.

Unajua mwenye kitambaa cheupe hutangazwa kwa sauti mlima kwa mlima. Mama Mwanvita, yule wa karibu na msikiti, aliacha jembe akapaza sauti: “Wa hija anapita!”

Ng'ambo wakauliza, “Wa nani?”

“Wa marehemu Yustina! Tena mwendo wa kivivu kama mama yake!”

Wakacheka, nami nikacheka. Nilishuka mabonde bila kuona mtu, lakini kila mlima wa mbele ulikuwa umeshanijua. Sikuogopa hata kidogo.

Kileleni ndipo nilipolia. Kila mtu alikuwa na wa kula naye. Mimi nilikuwa nimechemsha viazi vya watu wawili.

Binti yako,
Devotha

Kilombero, 2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimepoa.

Nilikuja. Basi lilichelewa, nikakuta umeondoka, nikaanza kukufuata. Ndipo nikasikia jina la mama yako likiitwa mlimani. Nikasimama. Mimi huko ni mkwe tu. Wangeniuliza “Wa nani?”, ningejibu nini sasa? Nikarudi.

Baba yako

Mgeta, 13 Oktoba

Baba, shikamoo.

Nimemsomea Bibi barua yako. Alisema, “Mkwe wangu huyu, mtu mzima hovyo.” Akaniomba niisome tena.

Kitambaa cha Mama nimekifua, nikakikata vipande viwili. Mwakani wakiuliza, wewe tembea tu, usijibu. Nitawajibu mimi: “Wangu!”

Binti yako,
Devotha