Nyota ya Mama Chebet

Jumanne

Nyota yetu ya kwanza imegeuka kuwa fensi.

Siku tatu tumeshangilia ile tik, tik kwenye darubini mpya ya redio, kumbe ni fensi ya stima ya Mama Chebet, jirani yetu hapa Mau Narok. Nikaenda kumwomba aizime.

“Sawa, boss. Na hizi ng'ombe nani atachunga?”

Nimechunga mimi, injinia mzima, na fimbo mkononi, matope hadi magotini, ndio dishi isikie mbingu. Jioni mwenzangu Kiprono akatoka ofisini akasema data sasa ni safi kabisa. Safi mpaka haina kitu.

Alhamisi wakubwa wanakuja kuzindua darubini na sina nyota ya kuwaonyesha. Mama Chebet ameuliza tu kama hao pia wanajua kuchunga.