Mashine ya Baba Yako Haijafa

Bulla Pesa,
Isiolo.
19 Machi, 2018.

Mpendwa mpwa wangu Nakolong,

Habari ya huko Kisumu? Natumaini hii karatasi itakukuta ukiwa mzima, na wagonjwa wa wodi yako wanapona haraka ili nawe upate kulala. Sisi hapa tu wazima kwa rehema za Mungu. Goti langu la kushoto lilianza ujeuri, nikalikemea, likaacha. Mama yako pia ni mzima. Nitamrudia hapo chini, kwa sababu barua hii ni yake kuliko yangu.

Mvua imekuja mapema. Nilipanda mahindi nyuma ya nyumba Jumatatu, na kufika Alhamisi kuku walikuwa wanajificha ndani yake. Mji nao umebadilika. Tangu kaunti iweke taa za barabarani, mbuzi wangu hawajui tena saa ya kulala.

Utajiuliza kwa nini mjomba mwenye simu mbili ameandika barua. Nakolong, kwa simu mdomo wangu hukimbia mbele, mimi nabaki nyuma nikiuita. Kalamu ni nzito. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo kila neno nalibeba kama gunia, na mtu habebi gunia la uongo akishajua uzito wake.

Ni habari ya ile mashine ya mchezo wa mpira wa chuma ya marehemu baba yako. Mwezi uliopita nilikuambia imekufa. Ukaniamini, ukasema basi, Waweru wa vyuma chakavu aichukue, chumba kile nyuma ya hoteli yetu kiwe wazi, mama asizidi kuumia akiiona. Waweru anakuja na pikapu Jumamosi ya tarehe 31. Nimemwomba angoje, amekataa. Anasema baba yako Lokol alikuachia wewe mashine mbele ya watu, neno la kuiuza alilipata kwako, na neno la kuiacha atalisikia kwako tu. Ana haki. Kwa hivyo soma hii yote kwanza.

Unakumbuka ilivyofika. Yule mzungu wa visima alipomaliza kazi Merti, alimwachia mashine hii baba yako, mpishi wake, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kumshinda kwa mchezo ule. Nimekuhadithia tangu ukiwa mdogo jinsi lori lilivyokwama kwenye laga, ule mto wa mchanga, maji yanakuja, nikaibeba mgongoni peke yangu na miguu yake minne, mamba wawili wakinipisha. Ukweli ni kwamba tulikuwa watu sita. Mamba alikuwa mmoja, na alikuwa mbali.

Unakumbuka pia vile vibao vitatu vya plastiki vilivyosimama kama meno chini ya kioo. Mpira ukigonga kibao, kinazama. Vyote vitatu vikizama, sumaku ya stima inavuta, tak! vinasimama tena pamoja. Baba yako aliviita maaskari. Basi baada ya mazishi yule askari wa kati akaanza ukaidi. Anainuliwa pamoja na wenzake, anasimama kidogo, halafu anaanguka bila kuguswa na mtu.

Nikasema hii ni kazi yangu. Mimi niliyewasha lori kule Korbesa kwa mshipi wa suruali, nishindwe na askari wa plastiki? Nikafungua. Na jambo la kwanza nililofanya ndilo sikukuambia. Nilichukua mafuta ya mkia wa kondoo, yale ya kupaka watoto, nikawapaka maaskari wote watatu mgongoni mpaka wakang'aa. Kwetu kitu kikikauka kinapakwa mafuta, iwe ngozi, iwe bawaba ya mlango, iwe mtoto. Nilijua pia ni baraka. Nilitaja jina la baba yako nikipaka.

Siku mbili walisimama vizuri sana, nami nikajisifu mpaka sokoni. Siku ya tatu vumbi la hapa likaingia, likakalia yale mafuta, ikawa gundi. Sasa hakuna askari hata mmoja aliyeinuka mpaka juu. Nikalaumu stima, nikasema siku hizi inakuja na nguvu ya kushoto. Nikabadilisha fyuzi, nikabadilisha waya. Nikamleta fundi wa redio, akapima sumaku, akasema ni nzima. Nikamwambia hajui kitu. Halafu nikakupigia simu nikasema mashine imekufa. Ilikuwa rahisi kuiua kuliko kusema sijui.

Juzi Jumamosi alasiri mama yako aliingia kile chumba kutoa viti, ili Waweru apate nafasi ya kupita. Tangu mazishi alikuwa hajakanyaga humo. Akasimama mlangoni, akanusa.

“Ekitela, kulikuwa na sherehe hapa bila kunialika? Mbona pananuka kondoo?”

Nikamwambia ni mafuta kidogo tu, ya kulainisha.

“Ulipaka wapi?”

“Kwa maaskari.”

“Mungu wangu! Lokol alikuwa ananawa mikono kwa sabuni mara mbili kabla ya kuwagusa. Chuma hupenda mafuta, plastiki hupenda ukavu. Hujui hiyo, na wewe ndiye fundi wa Isiolo nzima?”

“Sasa dada, kwa nini hukuniambia?”

“Uliniuliza? Uliuliza stima. Uliuliza mtu wa redio. Mimi uliniambia nilete chai. Nikaleta.”

Nakolong, nilikaa kwenye kimoja cha vile viti, nikahesabu. Miaka kumi na moja baba yako akitengeneza ile mashine, nani alikuwa anamshikia tochi? Sisi wanaume tulikuwa tunakuja ikishapona, kucheza. Na mwanamume akifa tunagawana kazi zake sisi kwa sisi, hakuna anayefikiria kumwuliza mjane zilikuwa zinafanywaje.

Akaniagiza nitoe plagi, kisha nilete spiriti, mswaki mkavu na sindano ya kushonea magunia. Tukainua ule ubao wa kuchezea ulio chini ya kioo. Akaniambia, “Mulika hapa, na usitingishe.” Akafuta mafuta yote kwa spiriti, kibao kwa kibao, akasugua kwa mswaki. Halafu akanionyesha kitu ambacho macho yangu haya, yaliyowahi kuhesabu madoa ya chui akikimbia, hayakuwa yameona. Nyuma ya kila kibao kuna kidato kidogo. Kibao kikiinuliwa, springi inavuta kile kidato kikalie ukingo wa chuma, kama mguu juu ya kizingiti. Springi ya askari wa kati ilikuwa imelegea. Alikalia nusu tu, akateleza. Hakukuwa na ugonjwa mwingine.

Mama yako alisema baba yako alikuwa anaikaza kila mwaka kabla ya Krismasi. Mwaka ule wa mwisho alikuwa kitandani, Krismasi ikapita.

Akaivuta kwa sindano, akaipunguza pete moja, akaifunga. Nikarudisha plagi. Akawabonyeza kwa kidole, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tak! Wakasimama. Nilihesabu mpaka hamsini, na wa kati hakuyumba. Mama yako akasema, “Huyu ndiye alikuwa akimsumbua Lokol.” Akacheka, akalia kidogo, kisha akaenda kukanda chapati.

Na lile nililokuambia, kwamba anaumia akiiona? Sikuwa nimemwuliza hilo pia. Nimemwuliza sasa. Anasema kilichomuumiza ni kupita pale mlangoni na kusikia kimya.

Basi mpigie Waweru kabla ya tarehe 31. Usiponiamini mimi, sitakulaumu. Muulize mama yako.

Barua hii namkabidhi Dahir, dereva wa lori, anayepeleka huko vitunguu vya Rapsu keshokutwa. Kaka yako Lokuruka anakusalimu, anasema viatu vilifika na vinamtosha. Nyanya yako anakusalimu kutoka Ngaremara, anauliza kama huko kwenye ziwa unakula nyama au samaki tu. Nisalimie sana Elizabeth unayekaa naye. Mungu akutangulie njiani, kila unapopumzika pawe na maji na kivuli.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, ambaye siku hizi kazi yake ni kushika tochi,

Ekitela.