Vitone Vyekundu vya Mama

Mwenzangu, uko wapi? Mama kaumbuliwa mkutanoni, mbele ya mtaa mzima!

Si unajua tangu ile dhoruba kaiacha cherehani yake, anapita nyumba kwa nyumba huku ufukweni na ramani ya mtaa aliyopewa na halmashauri? Kila nyumba ambayo maji yalifika dirishani aliitia kitone chekundu, maana yake hapa pasaidiwe kwanza.

Leo mhandisi wa halmashauri kaitundika ukutani ramani ile ile. Ile ile! Akasema, "Penye vyekundu patabomolewa, pawe bustani ya kunyonya maji."

Patabomolewa, unasikia?

Mama akasimama. "Mwanangu, nyekundu maana yake msaada."

Yule bwana akatabasamu. "Mama, mpango huu mmeuchora wenyewe."

Wenyewe!

Watu wote wakamgeukia mama. Jirani yetu fundi viatu akamwambia, "Kumbe ulikuja kwangu kunipimia kaburi."

Mama hata hakumwambia kwamba kitone cha kwanza kabisa alikitia kwetu.

Sasa hivi kavaa viatu, anatoka. Anasema atabisha hodi nyumba zote thelathini na nane zenye vitone upya, awaeleze alivitia kwa nini, akianzia kwa fundi, hata wakimfungia mlango usoni.