Chetezo Kwenye Buti la Gari Lako

Baba yangu,

Shikamoo. Sijakuamkia tangu siku ile uliponifukuza gereji, na leo nakuamkia kwenye karatasi kwa sababu ulipokuwa hai niliona wewe ndiye uanze. Nilikuwa na kiburi. Nilikirithi kwako, lakini hilo si la kujitetea.

Nakuandikia habari za gari lako. Jumatano lilizima kwenye foleni ya Pugu, mama akiwa kiti cha nyuma. Unajua anakwenda mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Hapana, hujui, figo zilianza kumsumbua baada yako. Mdogo wangu Shomari alipopata watu wa kusukuma, kisha likazima tena, kisha wakafika, zamu yake ilikuwa imepita. Mama akarudi Kisarawe na damu yake vilevile.

Alhamisi asubuhi Shomari akaniletea gari hapa Kwa Mathias, Kibaha. Lilimzimikia mara nne njiani. Alishuka akafunga mlango kwa nguvu, na hata salamu yake ilikuwa nusu.

"Dada, mama miguu imevimba, viatu haviingii. Usiku amelala amekaa. Kesho alfajiri lazima tutoke. Wewe umelitengeneza mara mbili na mara mbili limerudi vilevile."

Nikamwambia akodi gari lingine. Akasema amekwishamwambia mama hivyo, na mama kajibu kwamba atapelekwa na gari la mumewe au hatapelekwa. Unamjua mkeo.

Mdogo wangu alikuwa na haki ya kukasirika, baba. Ile taa ya njano ya injini ilipowaka mara ya kwanza nilichomeka mashine yangu ya kusoma hitilafu, ikaniandikia kwamba volti za sensa ya oksijeni ziko chini. Nilisoma neno sensa, nikabadilisha sensa. Taa ikazima siku tano, ikawaka. Nikailaumu ile niliyoweka kwa kuwa ilikuwa ya mtumba, nikaweka mpya ya dukani. Ikawaka tena. Na Alhamisi hiyo nilikuwa na ya tatu, ndani ya boksi lake, juu ya kiti cha dereva. Nilikuwa nimeshashika spana. Shomari amesimama nyuma yangu anahesabu pumzi zangu, na sikuwa na wazo lingine.

Ndipo nikakukumbuka na gari la yule mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza unaniruhusu kufungua injini peke yangu. Gari la mwalimu lilikuwa na ugonjwa huuhuu. Niling'ang'ania kung'oa sensa, ukanipiga kofi dogo la mkono. Ukasema, "Mjumbe hauawi. Hiki kijiti kazi yake kunusa moshi na kuleta habari. Kimesema hewa imezidi, petroli haitoshi. Sasa wewe unakiua kwa kusema kweli?"

Halafu ukaenda nyumbani ukarudi na chetezo cha mama, kile cha maulidi. Ukatia makaa na ubani, ukakiweka ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, tundu moja la pampu ya baiskeli, tundu jingine la mpira wa kupeleka moshi kwenye injini iliyozimwa. Ukasema pale hewa inapoingia kwa wizi ndipo moshi utakapotokea. Ukatokea kweli, kwenye mpira uliochanika, na gereji nzima ikanukia kama kuna harusi. Mama alikuja nyuma yako na kanga ya kichwa mkononi. "Chetezo changu unakitia grisi, mume wangu? Wageni nitawafukizia nini, tairi?" Siku tatu alikuandalia chakula bila kukutazama. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sikucheka siku ya mwisho. Najua nawe hukucheka. Ulikuwa umefunga breki za gari la mteja, nikaona bolti moja haikuingia, imekaa juujuu tu. Ningekuita pembeni. Sikukuita. Nilisema mbele ya mteja na mbele ya mafundi wote, "Baba, macho yako hayaoni tena." Ukaingiza bolti kwa kupapasa, ukafuta mikono. Ukasema, "Toka gereji yangu." Nikatoka, nikaja Kibaha na mashine yangu. Miaka minne nikasema moyoni kwamba nilikuletea habari ya kweli ukaniua, wewe mwenye methali yako. Ilikuwa kweli, na kweli ile niliitupa kama jiwe. Yote mawili yalikuwa kweli.

Nikarudisha sensa ya tatu kwenye boksi. Shomari akauliza, "Sasa unafanya nini?" Nikamwambia namhoji mjumbe.

Niliwasha injini, nikatazama volti kwenye mashine. Zilikuwa zimelala chini, hazipandi. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, kidogo tu, kwani huwaka kama petroli. Zikaruka juu palepale, kisha zikashuka. Sensa ilikuwa hai. Ilikuwa hai siku zote, nami nilizitupa mbili nzima. Nikapima msukumo wa petroli, uko sawa. Nikakanyaga mafuta, volti zikapata nafuu. Nikaachia, injini ikaanza kutetemeka. Basi hewa ilikuwa inaingia mahali, na mimi sioni ni wapi. Nilipapasa mipira yote ninayoifikia. Saa nane ikapita. Shomari alikuwa ameanza kupiga simu za kutafuta fundi wa Kongowe, hata hakujificha.

Nikampigia mama. Sauti yake ilikuwa inakatika, anavuta pumzi katikati ya maneno.

"Mama, shikamoo. Kile chetezo alichokuwa akitumia baba kiko wapi? Nimtume mtu akifuate."

"Marahaba. Akifuate wapi? Kimo kwenye buti, chini ya tairi la akiba. Alikitia humo mwenyewe, na ndoo yake."

"Cha nini kwenye buti?"

"Alikuwa anakuletea wewe huko Kibaha. Alisema mtoto ana mashine lakini hana moshi. Kila wiki anasema wiki ijayo. Mpaka ndiyo hivyo."

Nilikata simu bila kuaga, baba, na hukunilea hivyo.

Ndoo ilikuwepo, na pampu, na mpira umeviringishwa. Hata ubani ulikuwemo, ndani ya kikopo cha kahawa. Tulisubiri injini ipoe na dawa ikauke. Makaa nilipewa na mama lishe wa jirani. Shomari akapampu, mimi nikalala juu ya injini na tochi mdomoni. Muda mrefu hakukutokea kitu, nami nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua. Kisha uzi wa moshi ukapanda kutoka nyuma kabisa, chini ya bomba la hewa, mahali ambapo jicho halifiki.

Niliingiza mkono. Mpira ulikuwa na ufa wa zamani uliozidi kupanuka. Na kando ya ufa, kama upana wa kidole, nikagusa utepe wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa mara saba, na fundo lile la kwako linaloanzia kushoto.

Uliujua ugonjwa. Uliufuata mpaka kwake bila mashine. Ukafunga vizuri, kwa nguvu, ila ulifunga pembeni ya ufa, kwa sababu hukuona.

Niliweka mpira mpya. Volti zikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, jinsi zinavyotakiwa. Shomari alivuta pumzi ndefu, kisha akauona ule utepe mkononi mwangu.

"Nani kafunga hivi, dada? Kakosa hata ufa wenyewe."

"Simjui," nikasema. "Fundi fulani tu."

Ijumaa walitoka alfajiri. Pugu kulikuwa na foleni, na gari lilisimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, bila kutetemeka. Mama aliwahi zamu yake. Jioni alinipigia mwenyewe, akaniuliza kama chetezo kimeingia grisi. Nikamwambia kimeingia. Akasema basi kibaki hukohuko.

Utepe wako nimeufunga kwenye mpini wa spana yangu. Mara ya kwanza nilikwambia habari hii mbele ya watu. Safari hii nimekwambia peke yako.

Lala salama, baba.

Mwanao wa Kibaha,
Zuhura