Kioo Kimekaa Upande

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na jina langu ulisitiri, maana mke wangu huanza na ukurasa wako kabla ya habari zenyewe. Mimi ni karani, baba wa mtoto mmoja, na kinachoninyima raha ni kioo cha bafuni. Baba mkwe wangu ni fundi wa vigae, na kuta za bafu letu alizipanga mwenyewe kama zawadi ya harusi, siku tisa amepiga magoti, hakuna kigae kilichopishana na mwenzake, basi mke wangu aliponunua kioo kikubwa akataka baba yake aje akifunge, nami nikaona nitaonekana si mwanamume, nikasema hiyo kazi ndogo, nikaazima drili kwa jirani, nikaisukuma kwa nguvu zote, kigae kikalia ta, kikapasuka juu hadi chini. Nilikuwa peke yangu, nikapaka gundi nyuma ya kioo nikakibandika juu ya ufa, ila ufa ulikuwa kushoto kwa sinki, kwa hiyo na kioo kikaenda kushoto. Mke wangu aliporudi akauliza, "Kimeshika?" Nikajibu, "Kimeshika," naye akawatangazia dada zake wote kwamba mumewe siku hizi ni fundi. Baba mkwe alipotutembelea akaingia kunawa mikono, akatoka akasema tu, "Kioo kimekaa upande," akaendelea na chai yake.

Sasa kioo kinashuka. Niliweka alama ya penseli pembeni, na kwa wiki tatu kimeteremka upana wa kidole, na kila asubuhi mke wangu humsimamisha binti yetu Kiduchu juu ya kigoda mbele ya kioo hicho amchane nywele, mtoto anakiegemea kwa viganja viwili akijichekea, nami nasimama mlangoni na mswaki mdomoni kama ninayesubiri zamu, kumbe nasubiri kukidaka. Nikisema nitaaibika, nisiposema silali. Nifanyeje?

Karani wa mlangoni

Karani,

Pole, ila pole yangu ni ya nusu kijiko. Alama ya penseli, baba mzima? Hatari inamjia mwanao, wewe unaipimia mwendo. Na hiyo gundi haikushika kigae, ilishika ukoko wa sabuni ulioganda juu yake.

Ukimaliza kusoma hapa, kigoda kitoke bafuni. Bandika utepe mpana mbele ya kioo, huku na huku, ili kikivunjika vipande visitawanyike. Vaeni viatu na glavu. Nimesema vaeni, kwa sababu lazima mtu wa pili akishikilie wakati wewe unapitisha waya mwembamba nyuma yake kukata gundi. Mtu huyo ni mke wako, na hapo ndipo utakapomweleza yote, mikono yake ikiwa na kazi.

Kisha mpigie baba mkwe. Hivi kweli unadhani hajui? Mtu aliyepanga ukuta ule kigae kwa kigae aone kioo kimekwenda upande, asijiulize kinaficha nini? Mzee wa watu amekustahi, akakuachia nafasi useme mwenyewe, nawe umeimaliza kwa kupima na penseli. Mwambie hivi: "Baba, nimekipasua kigae chako. Njoo unifundishe." Mafundi hawakosi vigae vya akiba.

Akija, kigae kibadilishwe kwanza, kisha shika drili wewe, yeye asimame pembeni. Msitoboe palipo wima juu ya bomba la sinki, maana paipu ya maji hupanda humo ndani ya ukuta. Bandika utepe pale pa kutoboa ili ncha isiteleze, tumia ncha ya vigae, zima ile swichi ya drili ya kugongagonga, anza taratibu bila kusukuma. Kila tundu lipate kiplastiki chake cha kupokea skrubu, na kioo kikalie vishikizo viwili chini, viwili juu. Skrubu kaza mpaka zitulie, usizidishe, utapasua na kioo.

Utaaibika, ndiyo, labda wiki nzima, na mashemeji watacheka. Vumilia. Na mke wako akiuliza tena kama kimeshika, usimjibu. Mpishe aingie akivute mwenyewe, ndipo kigoda kirudi.