Kipande Cheusi cha Chiriku

3 Machi

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna vidole.

Chiriku hasemi nami kwenye simu. Nikimuuliza habari, "nzuri" tu, kisha anakurudishia simu. Mtoto aliyekuwa haishiwi maneno! Hapa chekechea ninapofanya kazi, kila asubuhi tunawauliza watoto moyo umeamkaje. Aliyekasirika anaambiwa aseme amekasirika, hachekwi. Nakuomba umuulize mwanangu hivyo hivyo. Usimwambie "nyamaza, wewe mkubwa sasa."

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Tupo, tunasukuma siku.

Eti moyo umeamkaje! Sisi tuliulizwa na nani? Nilicheka peke yangu kwenye cherehani. Chiriku halii, na mimi nilikuwa namsifu kwa hilo mbele ya wateja. Ila nimemuuliza, akanikodolea macho tu. Basi nikatumia ufundi wangu: nimemwekea kapu la vipande vinavyobaki nikikata nguo, kila jioni achague kinachofanana na moyo wake.

Kila jioni anachukua kitambaa cheusi cha bitana. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

11 Aprili

Mama, shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua yako nimeisomea stoo, kwenye magodoro ya watoto, nikalia huko huko.

Mwambie hiyo nyeusi ni huzuni, ananikumbuka. Mwambie Desemba nakuja.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu, marahaba. Kaa chini kwanza.

Nilimsomea barua zako zote mbili, nikamwambia ile nyeusi ni huzuni. Akasema, "Si huzuni, bibi. Ni hasira."

"Ya nini?"

"Mama anawauliza watoto wa watu kila asubuhi. Mimi hajaniuliza."

Kisha akalia, mara ya kwanza tangu uondoke, mpaka akatapika. Mkono wangu ulitaka kumziba mdomo kwa mazoea, nikauzuia. Anasema hataki uje Desemba. Nimkanye vipi, na sisi ndio tuliomfungua mdomo? Maji tumeyavulia nguo, sharti tuyaoge.

Mama yako

16 Mei

Mama, shikamoo. Usimkanye. Msomee haya:

Chiriku, ni kweli, sikukuuliza. Nilimtuma bibi. Una haki ya kunikasirikia, na mimi inaniuma. Leo nakuuliza mwenyewe: moyo wako umeamkaje? Jibu lolote nitalipokea.

Mama

9 Juni

Mwanangu, marahaba. Afya yako sikuulizi, najua hulali.

Nimemsomea. Akaniambia nisome tena. Halafu akachukua mkasi wangu mkubwa, ule nisiomruhusu kuushika, akakata bitana nyeusi, akaikunja vizuri na kusema niiweke kwenye bahasha. Ndiyo hiyo umeishika.

Nilimuuliza kama nikuandikie kwamba anakusalimu. Akasema hapana.

Usimtumie zawadi. Muulize tena.

Mama yako