Sijaona Moshi Wako

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Kitengela tuko wazima, isipokuwa babu yako na goti lake. Ila mimi, tangu barua yako ifike, sijatulia. Unahamia ghorofa ya tano huko Mombasa, peke yako, na unaniuliza kama maisha ya hapa ni bora kuliko yale ya zamani ya Kajiado.

Kajiado, miaka ya tisini, tulikuwa na chumba kimoja. Nilipikia kuni nje. Asubuhi moja homa ilinilaza, sikuwasha moto. Saa tatu haijafika, jirani yetu Mama Naserian alikuwa mlangoni, akinisalimu kwa Kimaasai. "Takwenya! Sijaona moshi wako. Uko mgonjwa?" Akaingia bila kungoja jibu, akanipikia uji.

Baadaye tukahamia Kitengela: stima, mfereji ndani, jiko la gesi, ukuta mrefu na geti. Nilifurahi sana. Kisha asubuhi moja nikateleza bafuni nikavunjika mguu. Nililala pale sakafuni nikimngoja Mama Naserian aone hakuna moshi. Nilisahau kwamba gesi haina moshi, na kwamba yeye alibaki Kajiado. Babu yako alinikuta jioni.

Sisemi usihame. Kuni sizitamani hata kidogo. Lakini umeniandikia habari ya vigae na lifti, jirani hukumtaja hata mmoja. Kabla hujafungua masanduku, piga hodi mlango wa karibu, kisha uniandikie jina la aliyefungua. Nikilipata ndipo nitapata usingizi.

Ni mimi kukhu wako,
Mama Wafula